Nani Anashika Saa: Manga Inapotoka Karatasini na Kuingia kwenye Skrini

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mlioletwa hapa na watoto wenu badala ya nyinyi kuwaleta wao, na vijana mliofunga kichwani vitambaa vya Konoha, kijiji cha kwenye hadithi ya Naruto, kana kwamba kuna vita mtaa wa pili: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya manga, yaani hadithi za picha za Kijapani, na namna zinavyogeuzwa kuwa anime, yaani katuni zao za skrini, tamthilia na filamu. Mimi si mchoraji. Riziki yangu naipata kwa kuhariri video: harusi, matangazo, nyimbo za kwaya, mara mojamoja makala. Kutwa nakaa mbele ya kompyuta nikiamua picha hii ikae sekunde mbili au nne, na mama wa bibi harusi aonekane akilia kwa muda gani kabla haijawa aibu. Basi nitasema kama mtu wa kazi hiyo. Hadithi zenyewe mnazijua kunizidi. Mkinibana kuhusu nani ana nguvu kuliko nani, mtanishinda kabla ya adhana ya magharibi. Jambo langu ni moja. Manga ikihamia kwenye skrini watu hulalamika kwamba rangi siyo, sauti siyo, mhusika wao kapunguzwa. Mimi nasema kinachohama hasa ni saa. Kwenye karatasi saa anayo msomaji. Kwenye skrini ananyang'anywa.

Chukua juzuu yoyote ya manga. Inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo waliopita madrasa hawatapata tabu. Utaona ukurasa umegawanywa visanduku, na visanduku havilingani. Vyembamba vilivyolala upande vinakukimbiza. Macho yanateleza humo kama yako mteremkoni. Kisha unakutana na kimoja kikubwa, hakina neno hata moja, uso tu na mvua, na hapo unasimama. Mchoraji amekuomba usimame. Hana uwezo wa kukulazimisha. Ukitaka utafunua ukurasa kwa nusu sekunde, ukitaka utakaa nao mpaka chai ipoe. Sasa mpe kazi hiyohiyo mwongozaji wa anime: ule uso na mvua lazima aupe sekunde kamili, tano au nane, na sekunde hizo ni zilezile kwa watazamaji wote, mwenye haraka na asiye na haraka.

Mchoraji naye hana raha na saa yake. Tarehe 17 Machi 1959 mashirika mawili ya uchapishaji ya Tokyo yalitoa siku moja majarida mawili ya watoto wa kiume, Shonen Magazine na Shonen Sunday, yote ya kila wiki. Shonen Jump likafuata mwaka 1968, na mwaka uliofuata nalo likawa la kila wiki. Mwishoni mwa 1994 toleo moja la Jump lilichapishwa nakala milioni 6.53. Karatasi duni, wino mmoja, hadithi nyingi zimerundikwa pamoja, kila moja na kurasa zake kama 19 kwa wiki. Na ndani ya jarida kulikuwa na postikadi: msomaji anachagua hadithi alizozipenda, anaituma. Hadithi isiyopata kura inaweza kukatwa baada ya wiki kumi hivi, hata kama mchoraji ndiyo kwanza alikuwa anamwingiza adui mkuu. Ndiyo maana hadithi hizi hazipoi. Kila sura inaishia mtu ananing'inia, kwa sababu mtu mwenyewe, yule mchoraji, ananing'inia.

Kusubiri wiki baada ya wiki kunaweza kufanya nini kwa msomaji? Mwaka 1970, katika manga ya ngumi iitwayo Ashita no Joe, bondia Rikiishi alikufa. Rikiishi ni mtu wa kuchorwa. Tarehe 24 Machi mwaka huo watu wapatao 700 walikusanyika kwenye jengo la shirika la uchapishaji la Kodansha, Tokyo, kumfanyia mazishi, kukiwa na ulingo wa ngumi na kasisi wa Kibuddha, na aliyeandaa shughuli hiyo ni mshairi na mwandishi wa tamthilia Shuji Terayama. Na kifo chenyewe kilianzia kwenye kalamu: mchoraji Tetsuya Chiba ameeleza kwamba alimchora Rikiishi mrefu mno kuliko Joe, shujaa wa hadithi, na ili wapigane uzito mmoja ikabidi Rikiishi ajinyime chakula na maji mpaka akonde. Kosa la kipimo kwenye kisanduku cha mwanzo likazaa msiba uliojaza ukumbi. Siku chache baada ya mazishi, mwanzoni mwa Aprili, anime yake ikaanza kuonyeshwa. Maneno ya wimbo wake wa kufungulia aliandika Terayama huyohuyo.

Turudi nyuma kidogo kwa mzee mwenyewe, Osamu Tezuka. Huyu alisomea udaktari Osaka, lakini akachora. Kijana wake wa chuma, Tetsuwan Atomu, ambaye dunia inamjua kwa jina la Astro Boy, alianza jaridani mwaka 1952. Tarehe 1 Januari 1963 akatokea kwenye runinga ya Fuji, nusu saa kila wiki, kazi ya studio ya Tezuka mwenyewe, Mushi Production. Kuchora nusu saa ya picha zinazotembea kila wiki kulionekana wazimu. Filamu inakimbia picha 24 kwa sekunde. Studio kubwa za Marekani zilizotengeneza katuni za sinema zilijaza picha hizo kwa michoro kemkem. Tezuka akabana. Mchoro mmoja akaushikilia kwa picha tatu. Mtu akizungumza, mdomo tu unacheza, uso umetulia. Akiruka angani, mwili hauguswi, mawingu ndiyo yanayosogezwa nyuma yake. Michoro iliyokwisha kutumika ilihifadhiwa ili itumike tena wiki nyingine. Kuna wanaomlaumu mpaka leo, kwamba ndiye aliyeifungia anime kwenye ufukara na mishahara midogo ya wachoraji wake. Lawama hiyo ina uzito. Lakini mimi, kama fundi, naona pia kwamba alichofanya ni kuirudisha picha ya runinga karibu na ukurasa wa manga: picha inasimama, wewe unaitazama. Hata leo, shujaa wa anime anaposimama kimya upepo ukichezea nywele na kingine chochote hakitikisiki, hiyo ni dhiki ya 1963 iliyogeuka mtindo.

Sasa tufike kwenye ugomvi ambao vijana mnaujua. Manga inatoka kurasa 19 kwa wiki. Anime nayo inatoka kila wiki, dakika 20 na kitu. Kurasa 19 hazitoshi dakika 20, labda uzinyooshe. Basi anime inaanza ikiwa nyuma, inakimbia, inaikaribia manga, halafu inafika pabaya: mwandishi bado anachora, na runinga inataka kipindi Jumatano ijayo. Ufanye nini?

Njia ya kwanza ni kuvuta. Akira Toriyama, Mungu amrehemu, aliyefariki Machi 2024, alichora Dragon Ball kuanzia 1984 hadi 1995, na kalamu yake ni nyepesi, inakwenda mbio. Ngumi inaanza kisanduku hiki, inafika kisanduku kile. Kwenye anime yake, Dragon Ball Z, adui mmoja, Frieza, anatangaza kwamba sayari ya Namek italipuka baada ya dakika tano. Dakika tano hizo zikaliwa wiki baada ya wiki. Wanakodoleana macho, miamba inaelea, mtu anapiga kelele, kipindi kimekwisha, njoo wiki ijayo. Ukienda Captain Tsubasa, uwanja wa mpira ni mrefu hata goli la mbele halionekani. Mchezaji anakimbia na mpira huku anakumbuka utoto wake wote. Ndugu zetu waliokulia Maskati na Dubai wanamjua Tsubasa kwa jina la Kabteni Majid, kwa sauti za Kiarabu, na nina hakika wapo waliochapwa kwa kuchelewa shule wakingoja mpira mmoja ufike golini.

Njia ya pili ni kujazia: unatunga visa ambavyo mwandishi hakuviandika, unawapeleka mashujaa safari isiyo na faida, mpaka manga iende mbele kidogo. Anime ya kwanza ya Naruto, hadithi ya kijana ninja, ina vipindi 220, na vya mwisho zaidi ya 70 ni vya kujazia, karibu mwaka mmoja na nusu. Masashi Kishimoto alikuwa anaendelea kuchora kule jaridani, na huku runingani Naruto anasindikiza wasafiri. Watu huvicheka vipindi hivi. Mimi nawahurumia walioviandika. Hebu fikiria umepewa wahusika wa mtu, umeambiwa watembeze lakini usimguse yeyote: asife, asikue, asijifunze kitu, warudi nyumbani kama walivyotoka.

Ipo manga moja tu ninayoijua ambayo tatizo hili halikuisumbua kamwe. Sazae-san ya Machiko Hasegawa, hadithi fupi za gazetini za visanduku vinne juu ya familia ya kawaida ya Tokyo, ilianza 1946 ikaisha 1974. Anime yake ilianza Oktoba 1969 na mpaka leo iko hewani kila Jumapili saa kumi na mbili na nusu jioni. Hakuna anayezeeka. Wajapani huiona wakajua kesho ni Jumatatu.

Njia ya tatu ni ya kijasiri: runinga inamwambia mwandishi, sisi tunamaliza wenyewe. Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Hokkaido, ilianza 2001. Anime ya kwanza ilitoka 2003, vipindi 51, wakati manga haijafika hata nusu. Studio Bones ikachepuka, ikajitungia mwisho wake. Mwaka 2009 studio hiyohiyo ikaanza upya, vipindi 64, safari hii ikifuata kitabu mpaka mwisho, na manga na anime zikamalizika mwaka mmoja, 2010. Leo ukikutana na mashabiki wawili wa Fullmetal wanaweza kugombana usiku kucha. Mimi niko upande wa ile ya kwanza, msinipige. Ya pili imepangika zaidi, lakini robo yake ya mwanzo inapita haraka mno, kwa sababu watengenezaji walijua tumekwisha kuiona. Kifo cha mtu mmoja mle, wenyewe mnamjua, aliyekuwa akionyesha kila mtu picha za binti yake, katika anime ya kwanza kinauma zaidi kwa sababu tulikwisha kukaa naye muda mrefu. Hapo saa ilikuwa mikononi mwa watu waliojua kuitumia.

Katsuhiro Otomo yeye aliongoza filamu ya manga yake mwenyewe. Akira ilianza 1982, filamu ikatoka 1988, kitabu kikaisha 1990. Kurasa zaidi ya 2,000 akazibana kwenye saa mbili na dakika chache. Sehemu kubwa ya nusu ya pili ya kitabu haimo. Alichokifanya ni kumwaga fedha na jasho kwenye kila sekunde: sauti za waigizaji zilirekodiwa kwanza, kisha midomo ikachorwa kuzifuata, jambo ambalo Japani hawakulizoea. Nyuma ya pikipiki, taa inaacha mkia mwekundu unaochelewa kufutika. Hapo Otomo anakataa kukupa muda wa kufikiri, na ukitoka ukiwa hujaelewa mwisho, usione haya, uko na wengi.

Lakini nimekuja hasa kwa ajili ya Slam Dunk, na naomba mnivumilie.

Takehiko Inoue aliichora kwenye Jump kuanzia 1990 hadi 1996. Timu ya kikapu ya sekondari ya Shohoku, na Hanamichi Sakuragi mwenye nywele nyekundu, aliyeingia kikapu kwa sababu ya msichana na hata kanuni hazijui. Anime yake, ya studio ya Toei, ilianza 1993, ikaisha Machi 1996 baada ya vipindi 101, manga ikiwa bado miezi mitatu kufika mwisho. Kwa hiyo mechi kubwa kuliko zote, Shohoku na Sannoh, mabingwa wa nchi, haikuonekana kwenye runinga. (Ile njia panda ya reli karibu na bahari kule Kamakura, ambako watalii wanarundikana kupiga picha, umaarufu wake unatokana na picha za kufungulia anime hiyo. Sehemu iliyopendwa na dunia, na bado kipindi hakikumaliza hadithi.)

Watu walibaki na kitabu. Na kitabuni mechi hiyo inaisha hivi: zikiwa zimebaki sekunde chache, Inoue anayakausha maneno. Mtangazaji kanyamaza. Kelele za jukwaani, ambazo kwa kawaida huandikwa kwa herufi nene pembeni, hazipo. Isipokuwa mnong'ono mmoja wa Sakuragi, ni kurasa baada ya kurasa za miili: bega, kiatu kinachogeuka, jicho linalomwona mwenzake yuko wazi, vidole vinaachia mpira. Unasoma ukiwa umebana pumzi, na ajabu ni kwamba unafunua kurasa haraka kuliko zote ulizopita huku unatamani zisiishe. Kisha Sakuragi na mchezaji mwenzake Rukawa, ambao tangu juzuu ya kwanza hawaivi chungu kimoja, wanagonganisha viganja katika picha iliyotanda kurasa mbili.

Mimi kama mhariri ningeambiwa niigeuze hiyo kuwa filamu, ningekimbia. Kitu kinachoifanya kazi ile iwe kazi ni kwamba kasi ni yako msomaji. Inoue alisubiri miaka 26. Desemba 2022 ikatoka filamu The First Slam Dunk, ameiandika na kuiongoza mwenyewe, ingawa hakuwa mtu wa filamu. Mashabiki walinung'unika mapema kwa sababu sauti za waigizaji wa zamani zilibadilishwa. Miili ya wachezaji ilinaswa kwa kompyuta kutoka kwa wachezaji wa kweli, ndiyo maana mguu unakanyaga sakafu na uzito unauona. Filamu nzima ni mechi moja, ile ya Sannoh. Ila Inoue aligundua kwamba mechi mfululizo ingekuchosha, basi akaukata mchezo kwa maisha ya Ryota Miyagi, mfupi kuliko wenzake, ambaye kitabuni tuliambiwa habari zake kidogo kuliko wote watano. Tunapelekwa Okinawa, baharini, kwa kaka yake, kwa mama yake asiyeweza kumtazama. Tunarudi uwanjani, na saa ya mechi imesimama palepale ilipokuwa. Zile sekunde za mwisho zilipofika, akazima sauti. Unabaki na picha na pumzi yako. Nimeirudia sehemu hiyo kwenye mashine yangu ya kazi, picha kwa picha, kuona amekata wapi. Anakata mapema kuliko ningethubutu mimi. Kila picha inaondoka kabla hujaridhika nayo, kwa hiyo jicho linaifuata lenyewe, kama kidole kinavyofuata ukurasa. Ndani ya Japani peke yake filamu hiyo iliingiza zaidi ya yen bilioni 15, na wengi walionunua tiketi walikwishaijua matokeo ya mechi.

Siku hizi studio nyingi zimeacha mbio za kila wiki mwaka mzima. Wanatoa msimu, wanapumzika, wanarudi. Kimetsu no Yaiba ya Koyoharu Gotouge ilikuwa inauzika kiasi tu mpaka studio Ufotable ilipoitoa 2019. Kipindi cha 19, Agosti mwaka huo, kilichukua kurasa chache za kitabu kikazipa muziki, moto na muda ambao karatasi haikuwa nao, na vitabu vikaisha madukani. Filamu ya Oktoba 2020 ikavunja rekodi ya mapato ya sinema za Japani iliyokuwa imesimama tangu 2001. Hapo skrini ilikipa kitabu zaidi ya ilichokichukua, na nalisema wazi ili msidhani mimi ni wa karatasi tu.

Za waigizaji wenye miili yao, nitapita haraka. Dragonball Evolution ya 2009, aliyeiandika hiyo filamu mwenyewe aliwaomba mashabiki radhi hadharani, tuiache ipumzike. One Piece ya Netflix, ya 2023, ilipigwa picha Cape Town, meli zikajengwa hukohuko bara letu, na mwandishi wa manga yake, Eiichiro Oda, aliwaeleza mashabiki kwamba haitatoka mpaka aridhike. Aliridhika, na inaonekana.

Si kila mwandishi ana nguvu za Oda. Mwaka 2023 Hinako Ashihara alikuwa bado anaichora manga yake, Sexy Tanaka-san, ilipogeuzwa tamthilia na Nippon TV. Alieleza baadaye kwamba sharti lake lilikuwa tamthilia ifuate kitabu, na kwa kuwa kitabu hakijaisha, mwisho wake utokane na atakachoandaa yeye. Maandishi yaliyomfikia yalikuwa yakihitaji kusahihishwa tena na tena, na vipindi viwili vya mwisho aliviandika mwenyewe, huku tarehe za jarida zikimkimbilia vilevile. Mwishoni mwa Januari 2024, siku chache baada ya kueleza hayo hadharani, alikutwa amefariki. Kituo cha runinga na shirika la uchapishaji, kila mmoja alitoa ripoti yake ya uchunguzi kabla ya katikati ya mwaka. Nimelitaja kwa heshima, kwa sababu huu wote nilioueleza kama ugomvi wa mafundi, ndani yake kuna mtu mezani, usiku, anadaiwa kurasa.

Kwa wanaotaka kusoma na si kutazama tu: tangu 2019 Shueisha, wachapishaji wa Jump, wana programu ya simu, Manga Plus, inayofunguka hata hapa kwetu, na sura mpya zinatoka humo siku ileile zinapotoka Japani, baadhi bure. Lugha ni nyingi, hadi Kithai na Kivietinamu. Kiswahili hakimo. Wanaojua Kijapani humu ukumbini nawaona watatu, na nawatazama nyinyi.

Sasa maswali. Na yule kijana wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipomtaja Naruto, najua unachotaka: ruka kuanzia kipindi cha 143 mpaka 219.